Pazia zito la nesi

Juzi mnadani Endasak nilikuwa napapasa vitambaa vya pazia, akaja nesi kijana amekumbatia pazia zito la kahawia. Akampa mama muuzaji shikamoo yake, kisha akaeleza shida.

"Mama, nikitoka zamu ya usiku nalala mchana, na dirisha langu linatazama jua linapochomoza. Hili linazuia jua vizuri, ila halizuii majirani."

"Wanakusumbua?"

"Wakiona limefungwa mpaka saa nne, wanadhani naumwa. Hodi! Huyu kaleta maziwa, huyu uji, huyu anataka kuniombea. Silali!"

Mama akacheka, akamkunjulia shia, kile kitambaa cheupe chepesi kinachopitisha mwanga. "Weka hii upande wa nje, zito libaki ndani. Wakiona shia watajua umeshaamka, watapita zao."

Nesi akaiinua shia kwenye mwanga, akatabasamu. Halafu tabasamu likaisha.

"Na siku nikiumwa kweli?"

Nesi, ambaye kwao ni mbali, akaikunja shia taratibu, akairudisha, akaondoka na pazia lake.

Nami nikaomba nikatiwe zito kama lile. Chumba changu hakipati jua hata kidogo, wala hodi.