Kitenzi cha Kuondoka

Mwaka ule nilikuwa siwezi kutulia. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nikatoka hadi barabarani, hapo mtaani kwetu Mangobo, kutazama pikipiki zikipita, nikarudi, nikatoka tena. Papa, baba yangu, fundi wa kushona kanzu, aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akaendelea kushona. Tangu mama afariki, mimi ndiye niliyeshika nyumba.

Alasiri tulikwenda, mimi na mdogo wangu wa kike, kujifunza Kifaransa pamoja na watu wazima wengine. Siku hiyo mwalimu alitufundisha wakati ujao ulio karibu: unatanguliza *je vais*, yaani naenda, halafu unaweka kitenzi.

"Si jambo la siku moja huko mbele," alisema. "Ni la mutu mwenye ameshavaa viatu."

Kisha akamwuliza kila mmoja atafanya nini. Mmoja angefua nguo. Mwingine angepika pondu, majani ya muhogo. Mdogo wangu angesuka nywele. Zamu yangu ilipofika, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema kwamba naondoka kwenda Yangambi:

"*Je vais partir à Yangambi.*"

"*Très bien*," mwalimu akanisifu, akamgeukia aliyekaa nyuma yangu.

Kule Yangambi, safari ya boti kutoka kwetu, anaishi mama mdogo. Alikuwa amenipigia simu mara nyingi: kwenye kitalu cha michikichi anakofanya kazi walihitaji mikono. Kila mara nilimjibu, tutaona. Nyumbani sikumwambia mtu.

Wakati wa kula, mdogo wangu alimsimulia papa yote yaliyosemwa darasani, huku akicheka. Alipofika kwenye sentensi yangu, papa akaacha kutafuna.

"Unaenda Yangambi?"

"Ilikuwa zoezi tu, papa."

"Bon. Basi hauendi."

Ningeitikia tu, mambo yangeishia hapo. Lakini niliweka tonge chini.

"Niko naenda, papa. Mama mudogo iko na kazi ya miche."

"Na hii nyumba?"

Mdogo wangu hakuwa akicheka tena. "Mimi niko," akasema.

Papa alinawa mikono, akaondoka. Siku kadhaa alishona hadi usiku. Nilikunja nguo zangu, nikazikunjua, nikazikunja upya. Nusura nimwendee nimwambie basi, nimebadili mawazo. Asubuhi moja akaniwekea mapajani magauni mawili ya kitambaa kigumu, yenye mifuko mikubwa. Alikuwa ameyashona bila hata kunipima.

"Kule miiba iko mingi," alisema. "Ile kitenge yako ya wax itapasuka."

Niliyakunja pamoja na nguo zangu nyingine.

Mdogo wangu alinisindikiza hadi mtoni. Injini ya boti iligoma. Abiria wengine waliketi juu ya magunia yao. Mimi nilitembea ukingoni, huku na huku, nikihofu kwamba tukikawia zaidi miguu itanirudisha Mangobo.

"Kaa basi, yaya!" mdogo wangu akanipigia kelele mimi dada yake. "Unanichokesha macho!"

Tuliondoka jua limepanda. Wiki za kwanza kule kitaluni, kila niliposikia boti niliacha miche nikaenda kutazama inaelekea wapi. Mama mdogo hakunikataza. Sasa nina chumba changu, na wanaoanza kazi huletwa kwangu niwaonyeshe jinsi ya kuhamisha mche bila kuvunja mizizi. Boti bado nazisikia. Mara nyingine bado naenda kuzitazama.