Kufuli Mbili za Depo

Siku hizi katika soko la Kamina kila kijana anasema "asosie yangu, asosie yangu". Anamwita hivyo hata mtu aliyemnunulia bia jana. Mimi sikusoma, niliacha shule darasa la pili, lakini neno hilo nalijua. Nimelilipia kwa samaki.

Asosie wangu, mwenzangu wa biashara, alikuwa Mwislamu, wazee wake walitoka Maniema. Mimi ni Mkatoliki, mtoto wa walima mihogo. Depo yetu, ghala la samaki wakavu wa Bukama, ilikuwa na mlango mmoja na kufuli mbili: yake juu, yangu chini. Hakuna aliyegusa kufuli ya mwenzake. Mmoja akiugua, mke wake njo alikuja kufungua.

Alikufa ghafla, depo ikiwa imejaa mpaka dari. Jasho langu lote lilikuwa mle. Mjane wake akaingia eda. Hakuweza kutoka nyumbani mpaka muda wa kuomboleza uishe. Akanitumia ufunguo. Nikaurudisha.

Soko likacheka.

"Muzee, unangoja mufu aamuke? Leta musumeno, tukate!"

"Kata mukono yako kwanza," nikajibu.

Kila asubuhi nilifungua ya chini, nikaketi pale mlangoni. Harufu ikaanza kutoka, kisha wadudu. Mara nyingine nilisikia ile ya juu ikilia tak, na kikohozi cha marehemu, kile alichokohoa siku zote kabla ya kufungua. Nikiinua macho, imefungwa.

Eda ilipoisha, mjane akaja na ufunguo wake. Akafungua. Samaki walikuwa vumbi.

"Muzee! Nilikutumia ufunguo. Juu ya nini haukufungua?"

"Haikuwa kufuli yangu, shemeji."

Akaziba pua, akacheka huku machozi yanatoka. "Benyi wote bawili, weye na bwana yangu, vichwa nguvu!" Kisha akachukua ufagio. Tulipomaliza akauliza, "Kesho nakuya saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, asosie."

Tulianza upya na gunia moja. Mpaka leo yeye anafungua ya juu, mimi ya chini. Kikohozi bado nakisikia. Sijamwambia. Lakini kila asubuhi, ufunguo ukiwa tayari ndani ya kufuli, naona anavyosimamisha mkono na kungoja kidogo, mpaka kikohozi kipite.