Niliitazama ile video kwa niaba ya wazee wa kanisa, sauti ikiwa imezimwa

Wakuu, salaam kwenu nyote, mnaosoma kwa kujificha kazini na mliojinyoosha nyumbani.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, na usharika sitautaja. Mengine yote yako kama yalivyokuwa. Anayetaka kusema ni chai, stori ya kutunga, aseme, ila asome hadi mwisho kwanza.

Nijitambulishe kidogo.

Mimi ni mtu wa Ilula, pale barabara kuu mabasi yanaposimama abiria wanunue nyanya. Nina diploma ya ICT niliyoisomea kwa jasho langu. Baadaye nikaenda Afrika Kusini, nikakaa Johannesburg miaka sita. Wenzangu wengi walirudi na begi la nguo na kikohozi. Mimi nilirudi na kompyuta mbili, printa ya picha, na mashine ya kutengenezea simu ambayo hata Iringa mjini ilikuwa ya kutafuta. Sijisifu, naeleza hali.

Nikafungua ofisi. Passport size, simu mbovu, kuweka nyimbo na movie kwenye memory card. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa nimewafunika mafundi wote wa pale.

Sasa, ukitengeneza simu za watu unawajua watu.

Kule Jozi duka la video za wakubwa lina kibao barabarani. Mtu anaingia mchana kweupe, anatoka na mfuko wake, anapanda basi. Huku kwetu hakuna duka la namna hiyo. Huku kuna folda. Nimekuta folda zimeandikwa "Pambio". "Mahubiri ya Pasaka". "Risiti za mbolea". Ukifungua, hakuna mbolea.

Mwaka juzi, nyanya zikiwa zimejaa hadi zinamwagwa, ikaingia connection. Kwa mgeni wa neno hilo, ni video ya chumbani iliyovuja. Dakika nne. Mwanaume uso haonekani. Mwanamke anaonekana.

Kila simu iliyofika mezani kwangu wiki ile ilikuwa nayo. Simu ya dereva wa fuso. Simu ya fundi cherehani. Simu ya baba mmoja ambaye husoma somo la kwanza kanisani. Jina la faili tofauti, video ile ile. Ikafika mahali nikawa nasita kufungua simu ya mteja, kama mtu anayepita kwenye korido na kujua kwamba nyuma ya kila mlango amekaa mwanamke yule yule.

Na watu walishamtaja. Walisema ni Mama Lusajo.

Mama Lusajo ni mjane. Anauza nyanya kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, pale barabarani, na kanisani ndiye alikuwa mwalimu wa sauti ya pili kwenye kwaya. Si Mhehe, aliolewa kwetu akitokea Mbeya. Simu yake ni kitochi, haina hata kamera.

Siku moja dereva wa fuso akaweka simu yake juu ya kaunta, ofisi imejaa.

"Wewe fundi wa Sauzi, hebu tumalizie ubishi. Huyu siye?"

Nikaangalia sekunde tano.

"Ni yeye, mia kwa mia. Macho yangu hayadanganywi."

"Mtaalamu kasema!" wakapiga makofi. Mmoja akaongeza, "Na huyo jamaa, mshkaji, anajua kazi." Wakacheka. Mwanaume alipata sifa, mwanamke alipata jina. Sikuona ajabu yoyote siku hiyo. Nilicheka nao.

Neno langu likatembea hadi kanisani.

Jumamosi asubuhi nikaitwa ofisi ya usharika. Nikawakuta wazee wa kanisa wanne, watatu wanaume na mama mmoja, kiongozi wao tumuite Mzee Kalinga. Nikaweka laptop mezani. Nikabonyeza.

"Zima hiyo sauti!" Mzee Kalinga alishtuka. "Unajua uko wapi?"

Nikazima.

Halafu, wakuu, wote wanne wakanyanyuka, wakageuza viti vyao, wakakaa wakitazama ukuta.

"Sisi hatuwezi kuangalia uchafu huo," alisema akiwa amenipa mgongo. "Wewe umesoma, na umeshaishi huko duniani. Tazama kwa niaba yetu. Utuambie ni yeye au siye."

Migongo minne. Jua linaingia dirishani. Hakuna anayekohoa. Mimi peke yangu nikitazama jambo lile kimya kimya kama samaki kwenye kioo.

Mwanya wa meno ulikuwa wa Mama Lusajo. Shingo ilikuwa yake, na namna ya kuinamisha kichwa.

Lakini ukutani, nyuma ya kitanda, kulikuwa na soketi.

Soketi yetu sisi ina matundu ya pembe nne. Ile ilikuwa na matundu matatu makubwa ya duara. Nimechomeka chaja kwenye soketi za namna ile miaka sita kule Johannesburg. Nilijua papo hapo kwamba chumba kile si cha Ilula, wala Makambako, wala popote Tanzania. Na Mama Lusajo hajawahi kuvuka hata Tunduma.

"Eti fundi?" Mzee Kalinga aliuliza ule ukuta. "Ni yeye?"

Ningeweza kusema. Ila nilishasema mia kwa mia mbele ya watu. Nikiwa na diploma, nikiwa nimetoka Sauzi, nianze kusema nilikosea?

"Ni yeye," nikasema.

"Basi funga. Inatosha."

Nikafunga laptop. Wakageuka, wakanishukuru, tukasali.

Kesho yake alitengwa. Jina likasomwa mbele. Mama Lusajo akanyanyuka kwenye safu ya kwaya, akavua joho, akalikunja vizuri, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa. Hakulia, hakubisha. Hakuna aliyeuliza mwanaume ni nani.

Wiki zile kulikuwa na kitu sijawahi kukisimulia. Akipita mtaani na beseni lake, mazungumzo yanakata. Na kila meza anayoikaribia, ya mgahawani, ya kinyozi, ya duka la dawa, watu wanageuza simu zao kifudifudi. Ta. Ta. Ta. Ukiwa ndani ya ofisi yangu unajua amefika wapi kwa kusikia simu zikilazwa.

Siku moja, saa nne asubuhi, zile sauti zikaja zikasimama mlangoni kwangu.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mama. Karibu."

"Nataka kuiona."

"Kuona nini, mama?"

"Usinizungushe, baba. Watu wote wameniona isipokuwa mimi."

Nikafunga mlango nusu, nikaiwasha. Alisimama karibu yangu, khanga mabegani, mkono juu ya meza.

"Mbona haina sauti?"

"Nimezima, mama. Kwa heshima."

"Heshima ya nani? Washa."

Nikawasha. Na sikuisimamisha, kwa sababu yeye hakuniambia nisimamishe. Ndipo nikagundua kwamba mwisho wake nilikuwa siujui. Kwa wazee nilikatishwa. Mtaani kila mtu anaangalia anachokitaka, anafunga.

Mwishoni yule mwanaume anatoka kwenye picha. Kamera imeachwa. Mwanamke anakaa ukingoni mwa kitanda, amejifunika shuka, anaanza kuimba kwa kufumba mdomo. Polepole. Nikaujua wimbo. Ni ule kwaya yetu inaouimba tukizika, sauti ya pili, na pale mwishoni una kona moja ambayo kitabuni haipo. Kona ile ni Mama Lusajo tu anayeikata hivyo. Aliwafundisha wanakwaya wote, nao wanaikosea hadi leo.

Pembeni yangu Mama Lusajo akaanza kuimba naye, mdomo umefumbwa.

Sauti mbili. Sikuweza kutofautisha ipi inatoka kwenye spika na ipi iko begani kwangu.

Halafu wa kwenye video akakata ghafla. Akageuza macho pembeni, kama mtu aliyesikia kitasa. Video ikaishia hapo.

Mama Lusajo alimaliza wimbo peke yake.

"Atu," akaiambia kompyuta.

Atupele ni mdogo wake wa kumfuata. Wanafanana hadi mama yao alikuwa akiwaita kwa kubahatisha. Miaka saba iliyopita aliondoka kwenda Afrika Kusini na mama mmoja aliyemuahidi kazi ya saluni. Akapiga simu mwaka wa kwanza. Baada ya hapo namba haikupatikana tena.

Nikajikuta naongea. Nikamwambia habari ya soketi.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua, mama."

Nilitamani anizabe kofi.

"Naenda kwa Mzee Kalinga sasa hivi," nikasema. "Nitawaambia wote. Nitasimama hata madhabahuni."

"Utakaa hapo hapo." Hakupandisha sauti. "Ukiwaambia si mimi, watakuuliza ni nani. Mimi benchi la nyuma nimeshalizoea. Atu akirudi, arudi mahali ambapo hajasemwa."

Alichotaka kwangu ni picha tu. Nikakata ule uso, shingo kwenda juu, pale mwishoni anapotazama pembeni. Nikausafisha, nikaweka background ya bluu kama picha ya studio. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na siwezi kuibandika ukutani.

Akaniomba nimsindikize Mbeya kwa mama yake. Alitaka nimwambie bibi kwamba picha imetoka kwa mtu wa Sauzi, uongo ambao ni nusu ya ukweli.

Kwao ni juu milimani, upande wa kwenda Tukuyu. Tulifika mchana lakini ukungu ulikuwa umekaa kwenye mashamba ya viazi, huoni mtu hadi akusalimie. Bibi tulimkuta jikoni. Nikampa shikamoo, akaipokea, akaishika picha kwa mikono miwili.

"Amenenepa," alisema kwanza, akacheka. "Ndaga, asante Mungu wangu. Anakula huyu."

Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Wewe ulikuwa kule. Ulimwona mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Nilimwona."

Akaitazama tena. Kicheko kikaondoka usoni taratibu.

"Mbona haangalii kamera?"

Mama Lusajo akainama kuchochea moto.

"Kuna mtu anaingia," bibi akasema. "Nani huyo anayeingia?"

Wakuu, bibi yule hajawahi kuiona ile video. Alikuwa na karatasi tu, na uso wa mtoto wake, na background ya bluu niliyoitengeneza mimi.

Miezi kadhaa baadaye, usharika ukapanga siku ya Mama Lusajo kurudi kundini. Nilikaa benchi la nne. Akasimama mbele, akatubu dhambi ambayo hakuitenda, neno kwa neno, bila kutetemeka. "Nimekosa mbele za Mungu na mbele yenu. Naomba mnipokee." Mzee Kalinga akamshika mkono, machozi yakimtoka, na mzee yule alikuwa akilia kweli.

Miguu yangu ilinyanyuka yenyewe. Mama Lusajo akaniona. Akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana. Nikakaa.

Kisha akarudishiwa joho, kwaya ikaimba. Waliimba wimbo ule ule wa kuzikia. Alipofika kwenye ile kona, nikatazama migongo ya wanaume mbele yangu. Nusu yao walikuwa nayo ile sauti mfukoni, ndani ya "Pambio" na "Risiti za mbolea". Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Hakuna aliyewahi kuiacha video ifike mwisho.

Nilichojifunza?

Nilikuwa nadhani kuna watu wa aina mbili, wanaoangalia na wasioangalia, na kwamba mimi niliyeishi duniani nilikuwa juu ya wote. Wateja wangu waliangalia wasimwone. Wazee waligeukia ukuta, nao hawakumwona. Mimi nilimwona, nikaona na soketi, nikachagua jina langu. Hao wengine walikosea. Mimi nilidanganya. Diploma ile ipo kwenye fremu ofisini, na siku hizi huwa naipa mgongo.

Naandika hapa kwa ruhusa yake. Alisema, "Huko mnakoandikiana bila majina, waulize watu wa Sauzi." Nami nauliza. Mliopo Johannesburg na miji ya jirani: mwanamke wa Mbeya, Atupele, jina hilo ni la kubuni lakini mwanya si wa kubuni, anaimba sauti ya pili kwa kufumba mdomo akiwa peke yake. Mwenye habari aje PM. Video msiniombe, sitoi.

Wengine semeni mnachofikiri. Ningesimama siku ile? Nitukaneni mimi mkitaka, yeye muacheni.

Kwa sababu bado anakuja. Kila baada ya wiki chache, asubuhi, kabla mabasi ya Mbeya hayajafika. Hanunui kitu. Anasimama pale pale, mkono juu ya meza, mama wa kanisa mwenye joho lake, ananiuliza kwa sauti ya chini:

"Fundi, imekuja nyingine?"

Kwa sababu ikija nyingine, maana yake yuko hai.

Nami nafunga mlango nusu, nafungua zile site, napita uso kwa uso mchana kweupe, natafuta nikiomba nimpate na nikiomba nisimpate.

Leo amekuja tena. Nimemwambia bado.

"Haya," akasema. "Sauti uwe unawasha."