Bunduki ya Mjomba Salum

Harufu ya selotepu na maboksi yaliyolowa mvua ndiyo harufu ya utoto wangu. Tuliishi China, katika mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya tisa, na sebule yetu ilikuwa nusu nyumba, nusu ghala. Mama alikusanya mizigo ya Watanzania na kuijaza katika kontena moja la kwenda Dar es Salaam: mashuka ya huyu, vitasa vya yule, viatu vya mwingine. Kila aliyeleta boksi alilifungua mbele ya Mama, likatazamwa, ndipo likafungwa na kuandikwa jina. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na kontena likikamatwa kwa kosa la mtu mmoja, wa kufukuzwa nchini angekuwa Mama, kwa kuwa karatasi zote zilikuwa na jina lake. Lakini watu wa mtaa wa kwao Mama hawakufunguliwa maboksi. Kumfungulia boksi mtu wa kwenu ni kumwita mwizi mbele ya macho yake, na Mama aliona haya.

Mjomba Salum hakuwa ndugu wa damu. Alitoka mtaa mmoja na Mama kule Unguja, akawa mjomba wangu kwa kula kwetu. Nilimpenda sana, mpaka msimu ule wa mvua nilipokuwa na miaka kumi, alipoleta boksi jembamba lililozongwa selotepu kupita kiasi na kulisukuma mwenyewe chini ya marobota ya mashuka. Aliponiona namtazama, alisema ni kitu cha kuchezea cha mwanawe Hamadi. Kitu gani cha kuchezea kinafichwa hivyo? Wivu na wasiwasi vilinipanda pamoja. Alipoondoka, nikalichana boksi.

Ndani mlikuwa na bunduki, fupi, nyeusi, nzito kuliko nilivyotarajia. Nikawaita wazazi wangu. Baba, ambaye kabla ya kuja China alikuwa askari wa wanyamapori, aliinyanyua. Alikikunja kitako kikalala ubavuni, akachomoa magazini ya risasi, akairudisha.

"Nusu-otomatiki," alimwambia Mama. "Inajipakia yenyewe, ila kila risasi unavuta upya. Na ufupi huu, inaingia kwenye begi la shule."

Ndani ya boksi, chini kabisa, palikuwa na kijitabu. Baba alikisoma Kichina chake kwa kidole, taratibu: babu wa fundi alitengeneza bunduki za wawindaji milimani, baba yake akarithi karakana, na mjukuu sasa anaendeleza chuma kilekile na uzito uleule. Baba alikifunga.

"Fundi wa vitu vya watoto anajisifia mtutu wa babu yake? Sipendi."

Salum aliitwa, akaja ameloa chapachapa. "Dada, wallahi ni ya kuchezea. Laobani, fundi mwenyewe, kaniapia, inarusha vishanga vya plastiki tu." Alisema kweli. Baba alifyatua, kishanga kikagonga mto wa kochi na kuanguka.

"Sasa uliificha ya nini?" Mama aliuliza.

"Kwa sababu hapa hata mfano wake ni kosa," Baba alimjibia. Salum aliinamisha kichwa. Hamadi alikuwa ameiomba mwaka mzima kwenye simu, akasema, naye hakuwa na moyo wa kumnyima.

Nyundo ilikuwepo ndani. Dakika tano zingetosha kuivunjavunja bunduki ile, na sisi tungekula naye kama kawaida. Lakini Mama hakutaka tena kumsikia wala kumwona. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akamfungulia mlango atoke nayo. Teksi hazikupatikana kwa mvua, basi Salum akashuka kwenye treni ya chini ya ardhi ili airudishe kwa fundi, mtaa wa Sanyuanli. Begi lake lilipita kwenye mashine ya ukaguzi, askari wakamshika palepale. Alirudishwa Unguja na hakuruhusiwa kuja tena China.

Leo ninayejaza makontena ni mimi. Nafungua maboksi yote, ya ndugu na ya wageni, na hakuna anayenuna. Vijana wa sasa hawajui kama zamani ilikuwa aibu. Mwezi uliopita alikuja Hamadi, mtu mzima mwenye ndevu, analeta nguo alizonunua soko la Shisanhang. Kabla sijasema kitu alilipasua robota lake mwenyewe, akageuza na mifuko ya suruali nje. "Baba alinisisitiza, dada, kwenu nifungue kila kitu," alisema. Niliona haya mpaka macho yakaniuma. Kisha nikainama, nikapekua shati moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.