Samaki wa Mzee Nasor na Gundi Yangu

Mimi hukata marumaru kwenye karakana moja mtaa wa Wadi Kabir. Kusema mbele za watu kunanishinda, kwa hiyo naandika.

Juzi nilikwenda nyumbani kwa Mzee Nasor kumwekea rafu ya samaki wake waliogeuka mawe, samaki adimu anaowaagiza kutoka Uingereza. Nilipoinua jiwe moja la mviringo, likaachana vipande viwili. Ndani, samaki mzima na magamba yake! Nikafurahi, kisha nikashtuka. Nimelivunja! Kazi sina tena!

Nikatoa gundi yetu ya marumaru, nikaliunganisha, nikapiga msasa. Ufa hauonekani! Nilijiona fundi wa mafundi.

Mzee akaingia na wageni. Nikautia mkono mfukoni haraka. Mzee akalichukua jiwe lilelile.

"Huyu nimemngoja miaka," akasema. "Jiwe limeshapasuliwa hukohuko, mie nnafungua tu mumwone."

Akavuta. Akavuta tena, mishipa ikamtoka.

"Mbona halifunguki?"

"Samaki kalala," mgeni mmoja akasema.

"Kila siku samaki, samaki," mkewe, Bi Zuhura, akacheka. "Leo twaonyeshwa jiwe!" Akanigeukia na kikombe cha kahawa. "Pokea, mwanangu."

Nikanyoosha mkono wa kushoto.

"Wa kulia, baba!"

Sikuwa na njia. Nikautoa mfukoni mkono wa kulia, vidole vitatu vimegandana kama kimoja. Mzee akautazama mkono wangu, kisha jiwe lake, kisha mkono wangu tena.