Kibuyu cha Nyanya Darasani

Wiki jana, rafiki yangu, nilisimama mbele ya darasa la nne karibu na Ruiri, digrii yangu bado inanuka wino, nikafundisha somo lile lile lililonitia kichefuchefu utotoni. My goat, my goats. Her pot, her pots. Kiingereza hakihangaiki na changu na vyangu. Kiwe kimoja, viwe mia, neno halibadiliki. Watoto walilipenda kwa wepesi wake. Mimi nilisikia harufu ya mavi ya ng'ombe.

Hiyo ndiyo harufu ya shule yetu wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni. Tulikuwa tumeondolewa mashambani na kusukumwa katika kijiji kimoja kilichozungukwa na handaki, vibanda vimebanana hata moshi wa jirani ukawa mboga yetu. Mvua ikinyesha, vyoo vilifurika hadi mlangoni. Usinitarajie niyapambe maisha yale kwa sababu tu nilikuwa mdogo.

Nyumba ya nyanya ilichomwa na homgadi, wenyeji waliomshikia mkoloni silaha, lakini kwanza waliingia, wakatoka wamebeba vyombo na kuswaga mbuzi. Hakuwalilia mbuzi. Alikililia kibuyu cha uji, kile alichokishona kwa katani kilipopasuka, mishono ikawa kama miguu ya jongoo. Uchachu wa miaka mingi ulikuwa umekolea ndani yake. Ukimimina uji wa wimbi jioni, asubuhi umechachuka wenyewe, unauma ulimi vizuri. Kwenye sufuria ya kijijini uliharibika tu. Nyanya aliunywa amekunja uso, akituahidi kwamba kibuyu kikipatikana tutakunywa tena uji wa watu.

Siku moja mwalimu alituagiza kila mtu alete kitu cha kwao. Mimi nilileta mwiko. Binti wa mkubwa wa homgadi alileta kibuyu chenye mishono ya jongoo. Akakiinua, akasema my gourd, kibuyu changu, na darasa zima likatakiwa kuitikia her gourd, kibuyu chake. Wenzangu waliitikia. Mimi nilinyamaza, na mwalimu akaniuliza kama nimemeza ulimi.

"Mwalimu, hicho ni cha nyanya."

Mwalimu akatazama mlangoni kama kuna askari, kisha akaniambia kwa sauti ya chini nikae.

Nyanya mwenyewe alikuwa nje, akikandika ukuta wa darasa kwa mavi ya ng'ombe pamoja na akina mama wenzake, maana kazi ile ilikuwa ya lazima. Alikuwa amekiona kibuyu kupitia dirisha. Akaingia, mikono imechafuka hadi viwiko. Mwalimu alimsihi arudi kazini kabla askari hawajamwona. Nyanya alikichukua kibuyu, akatoa kizibo, akanusa.

"Mnatia nini humu?"

"Mafuta ya taa, nyanya," msichana akajibu, bila ubaya wowote.

Nyanya akarudisha kizibo. Kisha akamrudishia, alama za vidole vyake zikabaki juu ya mishono.

"Basi kaa nacho, mtoto wangu. Sasa ni chenu."

Akarudi ukutani.

Leo handaki limefukiwa, viazi vimestawi juu yake. Darasa lile lina ukuta wa mawe. Kitabu cha Kiingereza ni kile kile, na bado hakimuulizi mtu amekipataje anachokiita chake. Nyanya alikufa akinywa uji wa sufuria. Mimi huutafuta ule wake, soko la Gakoromone, Majengo, popote ninapoona mwanamke amekaa na ndoo ya uji. Wananimiminia kikombe, wananitazama nionje. Una sukari. Nautema.