Miguu ya Odeta

Kwenye mwalo wa kushushia samaki ziwani, upande wa Ilemela, mteja haangalii uso wa muuzaji. Anainama. Sangara na sato wamelazwa juu ya turubai, yeye anafunua mashavu yao kutafuta wekundu, na kila anapoinua macho kidogo anakutana na miguu ya mwenye mali. Ndivyo watu walivyomjua Odeta kwa miaka kumi na tisa. Alianza na ndoo moja ya dagaa, akafika mahali pa kulisha mahoteli. Kidole cha mwisho cha mguu wake wa kushoto kimempanda mwenzake mgongoni tangu azaliwe, na hakuna mteja wa zamani asiyekifahamu.

Kisukari kilipomwingia, kilimtia ganzi kwenye nyayo. Mwaka jana alikanyaga ndoana, ikapita kwenye ndala na kuzama, naye akauza samaki siku mbili nayo mguuni. Alikuja kushtuka kwa harufu. Aliyemtoa ndoana hiyo hospitalini ni Hellen, muuguzi, mwenzake wa jumuiya ya sala, ambaye kila Ijumaa alipitia kwa Odeta kuchukua sato.

"Dada Odeta, habari yako hii ni dawa," Hellen alimwambia huku anaosha kidonda. "Tunatengeneza video za kufundisha wagonjwa. Sisi tunaongea mpaka koo linakauka, mtu akifika getini kashasahau. Wakiona mguu wako hawatasahau."

"Watasahau kununua samaki."

"Uso hautaonekana."

"Na sauti?"

"Nitaweka yangu."

"Itaonyeshwa wapi?"

"Sengerema, ng'ambo huko. Hapa kwetu zipo za kutoka Dar."

"Apa."

"Juzi tumesali pamoja sebuleni kwako. Nikuapie nini tena?"

Odeta akakubali. Mwanamke huyu, ambaye asingempa hata padri nyongeza ya kichwa cha sangara bila kumtajia bei yake, siku hiyo alitoa bure kwa sababu aliitwa dada. Alificha uso, akaficha sauti, akajipongeza kwamba amebana kila mlango. Miguu yenyewe hakuikumbuka.

Kidonda kilifunga baada ya miezi miwili. Akarudi mwaloni na gambuti, akawaambia watu ni kwa ajili ya tope.

Jumanne moja akaja Ishrat, mwenye mgahawa mjini, mteja wake wa miaka sita. Akainama kama kawaida, ila samaki hakuwagusa. Alikuwa anatazama gambuti.

"Mama, pole na mguu."

"Mguu gani?"

"Jana nilimpeleka mama mkwe kliniki. Runinga ya pale kwenye mabenchi ikaonyesha ndoana na usaha. Nikasema, kile kidole mbona nakijua. Halafu nikajiuliza, nani anavaa gambuti kiangazi chote hiki?"

"Umepona. Na hauambukizi."

"Najua. Nimefundishwa na mguu wako mwenyewe." Ishrat akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini wateja wangu wanatibiwa palepale, na wanajua nanunua kwako. Mtu akishaona usaha leo, kesho nimletee samaki mezani?"

Odeta hakubishana. Angekuwa yeye mwenye mgahawa, angesema hivyohivyo. Ishrat akavuka kwenda kwenye turubai la Selina, muuzaji jirani, na kufika Ijumaa wengine wanne walikuwa wamemfuata. Selina hakunyamaza na riziki yake.

"Karibuni huku," akawa anaita. "Kwa Selina miguu iko wazi, kagueni na samaki, kagueni na mwenyewe."

Watu walicheka. Odeta alibaki na sangara kumi na mmoja, barafu ikiyeyuka.

Jumatatu alikwenda hospitalini, akakaa benchi la mbele. Zamu ya video ilipofika, alikiona kidole chake kimejaa runinga nzima, sauti ya Hellen ikieleza: kagua nyayo kila jioni, tumia kioo, usitembee peku. Mzee mmoja pembeni yake alivua kiatu polepole, akaugeuza unyayo kuutazama. Video ilifundisha vizuri. Hilo Odeta hakulikana.

Hellen alipotoka na mafaili alimkuta amesimama mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Itoe ile."

"Dada, tangu tuianze, watu saba wamekuja wenyewe kukaguliwa. Mmoja tumeuwahi mguu wake usikatwe."

"Umeuwahi kwa mguu wangu. Ungeniambia ni hapa."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana mtu huulizwa."

Hellen akashusha sauti. "Sengerema nilitaja tu. Nilijua ukisikia ng'ambo utalegea."

"Na kidole? Kila Ijumaa ulikuwa unainama mbele yangu. Hukujua kwamba watakijua?"

Hellen alipanga mafaili yaliyokuwa yamepangika tayari.

"Nilijua," akasema. "Nikafikiri watakuonea huruma."

"Huruma hainunui sangara. Itoe."

"Nikiitoa hapa, iko kwenye simu za wauguzi wote, na wagonjwa wameshatumiana. Hairudi tena."

Jumamosi, kwenye jumuiya, walipofika mahali pa kupeana amani, Odeta alimpa Hellen mkono. Mkono haugharimu kitu. Ila walipouliza nani atapokea sala wiki ijayo, na ilikuwa zamu yake, alisema nyumba yake haitakuwepo.

Kweli haikuwepo. Alimwachia Selina nafasi ya mwaloni, akafunga nyumba, akavuka daraja la Kigongo, akaanza upya ng'ambo, Busisi, na turubai lilelile. Kliniki akahamia Sengerema. Siku ya kwanza aliuliza kama wana runinga ya kufundishia wagonjwa. Muuguzi wa pale, Ngosha, akacheka.

"Runinga tutaitoa wapi, mama? Hapa tunatumia mdomo." Akasoma faili lake. "Ndoana, siku mbili? Mama, ungewaeleza hawa wenzako dakika tano tu, wangekuelewa kuliko mimi."

Odeta aliyatazama mabenchi. Watu kama ishirini, wengi na ndala.

"Nitaeleza," akasema. "Kwanza simu zote ziingie mfukoni. Na yako, baba."

Akangoja mpaka ya mwisho ikazama. Ndipo akaeleza yote, tangu ndoana hadi harufu, na gambuti hakuvua.